Mto Hautabeba

Ukija kutafuta keja Kamakis, ajenti ataanza na maji. Hatasema chochote kuhusu kelele za mabanda ya nyama choma pale Eastern Bypass, wala tope la Aprili. Atakuambia, "Hapa hatungojei maji ya kampuni, tuko na kisima chetu," halafu atakufungulia bomba la jikoni kama mtu anayefungua zawadi. Mimi nilishawishika. Nililipa siku hiyohiyo.

Hakunipeleka nyuma ya ploti. Nyuma kuna ukuta, nyuma ya ukuta kuna kijito, na chini ya ukuta kuna paipu nene kama paja. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna mtu hufungua kitu, na asubuhi mtaa mzima unajua kwa harufu. Nilipomuuliza msimamizi wa ploti, hakukasirika. Alinijibu kwa upole kabisa: "Buda, mto utabeba."

Ugomvi wangu ni na maneno hayo mawili. Mto hubeba kiasi, na kiasi kingine hukishusha chini, kulekule tunakoteremsha pampu zetu.

Wengi wetu tunauwaza mto kama bakuli: maji juu, chini pagumu, basi. Lakini sakafu ya mto ni mchanga, kokoto na mawe yenye nyufa, na maji hupita humo. Huzama hapa, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka mbele baada ya saa au siku kadhaa. Humo ndani wanaishi vijidudu wanaokula uchafu. Ndipo mto unapojisafishia. Ukimwaga choo kuliko wanavyoweza kula, hewa iliyo majini inaisha, matope yanaziba nafasi, na kazi hiyo inasimama.

Halafu kuna suala la kimo. Maji ya ardhini yakiwa juu kuliko maji ya mto, ardhi inaulisha mto. Ndiyo maana Mto Ruiru unatiririka hata Februari, wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho. Maji ya ardhini yakishuka chini ya kimo cha mto, mambo yanageuka: mto ndio unaolisha ardhi. Mto mmoja unaweza kufanya yote mawili, sehemu tofauti, misimu tofauti. Na pampu ni mojawapo ya vitu vinavyoleta mgeuko huo. Tukivuta mchana na usiku karibu na kijito, kimo kinashuka, na kijito kilichokuwa kikipokea kinaanza kutoa. Kinatoa kile kilichomwagwa ndani yake.

Huhitaji digrii kuelewa hili. Mimi yangu niliiacha njiani. Muulize yeyote mwenye shosho Kitui. Mto Tiva ukikauka, watu huchimba mchanga, na shimo linajaa maji polepole. Mto haukufa, umeshuka tu. Ndiyo maana Ukambani wanajenga mabwawa ya mchanga, na ndiyo maana malori ya kuzoa mchanga huwaletea vita: mchanga ukienda, maji yameenda nao. Shosho huyo hawezi kukuambia kwamba mto na kisima ni vitu viwili.

Najua jibu la wenye ploti: "Kisima changu ni kirefu sana, huo mto wenu haunihusu." Kuna ukweli ndani yake, na sitaki kuuficha. Chini yetu kuna tabaka za mawe ya volkano, na maji ya kina kirefu huchukua miaka mingi kufika, mengi yakitokea nyanda za juu upande wa magharibi. Choo cha jana usiku hakitatoka kwa bomba lako asubuhi hii. Lakini kisima kirefu kinatoboa tabaka zote, za juu na za chini. Kama hakikuzibwa vizuri pembeni kwa saruji, chenyewe kinakuwa mrija wa kuteremsha uchafu. Na maji yaliyochelewa kuja yatachelewa kurudi. Pia si kila mtu ana pesa za mashine. Kuna jirani aliyechimba kisima kifupi kwa jembe, hatua chache kutoka kijitoni. Huyo ndiye anayekunywa paipu yetu kwanza, na wala hajawahi kuonyeshwa ploti yetu.

Sheria hailaumiki hapa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaposema rasilimali ya maji, inataja mto, kinamasi na maji yaliyo chini ya ardhi kwa pumzi moja, na inasema zote zimeshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kisima kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa hiyo "kisima chetu" ni lugha ya ajenti tu. Yule mwenye kisima amepewa ruhusa ya kuchota kwenye chungu cha watu wote, na hatuwezi kumkubalia atie choo kwenye chungu hichohicho kwa upande wa nyuma.

Basi kabla hujatuma pesa, uliza mambo matatu. Choo kinaenda wapi? Kibali cha kisima kiko wapi? Kimo cha maji kilipimwa lini mara ya mwisho, na kimeshuka kiasi gani? Mamlaka nayo ibandike vipimo hivyo mahali tunapoweza kuvisoma, kisima kwa kisima. Na kaunti isiruhusu watu kuhamia ghorofa ambayo haiwezi kueleza maji yake machafu yanaishia wapi.

Mimi sikuuliza, na bado naoga na kupikia maji hayohayo. Mvua ya juzi nilikaa dirishani nikangoja. Saa nane na nusu usiku paipu ikaanza. Nimeandika tarehe na saa, nikapita mlango kwa mlango nikiomba sahihi za malalamiko. Ploti yetu ina nyumba arobaini. Waliotia sahihi ni wanne. Wengine wameniambia, kwa upole uleule, kwamba mto utabeba.