Damu Yao Si Mtaji Wenu

Mgonjwa wa uchovu sugu ambaye kuoga tu humlaza kitandani siku mbili hana nguvu ya kubishana bei. Wenye kliniki binafsi huko Ulaya wanalijua hilo, ndiyo maana wanamtoza maelfu ya yuro kwa kile wanachokiita kuosha damu. Mimi nakiita unyang'anyi.

Sisemi kwamba wazo lenyewe ni uongo. Katika hospitali ya Charité, Berlin, timu ya Profesa Carmen Scheibenbogen huipitisha plazma ya mgonjwa kwenye kichujio kinachonasa kingamwili, kisha humrudishia. Wanashuku kwamba baada ya maambukizi ya virusi kupita, baadhi ya kingamwili humgeukia mgonjwa mwenyewe na kuvuruga mishipa ya damu. Mwaka 2018 walitoa taarifa ya wagonjwa 10 wa uchovu sugu: 7 walipata nafuu upesi, lakini ni 3 tu ambao nafuu yao ilidumu miezi mingi. Kundi la kulinganisha halikuwapo. Huo ni mlango wa utafiti, si leseni ya kufungua duka!

Na tulishaonywa. Mwaka 2011 huko Norway, madaktari Øystein Fluge na Olav Mella waliwapa wagonjwa 15 wa uchovu huohuo rituksimabu, dawa inayoziangamiza seli B, chimbuko la kingamwili; wengine 15 walipewa dripu isiyo na dawa. Waliopata nafuu: 10 kwa 2. Watu wakashangilia. Madaktari hao wawili, kwa uaminifu ninaouheshimu sana, wakarudia jaribio kwa watu 151. Majibu ya 2019: nafuu asilimia 26 kwa waliopewa dawa, 35 kwa wasiopewa.

Serikali nazo zisijifiche. Kwa miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa wajikaze, wafanye mazoezi; Uingereza iliufuta mwongozo wa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua mwaka 2021 tu. Mtu aliyeitwa mvivu muda wote huo atamlipa chochote wa kwanza kumwamini.

Basi wizara za afya zilipie majaribio makubwa: nusu ya wagonjwa waunganishwe kwenye mashine yenye kichujio, nusu kwenye isiyonasa kitu, wasijue nani ni nani, na majibu yachapishwe hata yakiwa machungu. Kabla ya hapo, mgonjwa asitozwe hata senti moja.