MTOTO SI SHAMBA LA CHAI



Mwanao akikuambia shule yao inatengeneza filamu ya tamasha za drama kuhusu familia iliyo na mtoto Marekani, usimkataze eti anaanika aibu ya nyumba. Anasema kweli.

Kisii na Nyamira tunajua: ng'ombe anauzwa, harambee inafanywa, kijana anaenda Minnesota. Halafu karo, mabati na matanga, yote yanamngoja yeye. Ukimpigia saa mbili asubuhi, kule ni karibu usiku wa manane. Pengine ametoka zamu ya kutunza wazee wa watu, na neno lako la kwanza ni pesa.

Soma Luka 15. Mwana mpotevu alirudi mikono mitupu, na baba akamkimbilia. Wako hata hajapotea, lakini anaogopa kurudi kwa sababu hajajenga.

Kumtunza mzazi ni agizo la Mungu, sipingi. Lakini mtoto si shamba la chai la kuchumwa kila wiki.

Leo mpigie. Muulize amelalaje, mwombee, kisha ukate bila kuomba kitu.

Kama umepokea, andika AMINA.