Barua kwa Watu wa Ziwa: Dakika ya Upepo

Ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na Musoma,

Nawaandikia kutoka Minnesota, Marekani, na safari hii naomba tuzungumze kuhusu televisheni. Najua hapo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba mna mambo mazito zaidi ya kushughulikia, lakini hili nalo linawahusu wanaotia mitumbwi majini.

Huku chaneli nyingi za kebo zilianzishwa kila moja kwa kazi yake. TLC ilitokana na mradi wa mwaka 1972 wa kurusha elimu kwa satelaiti, NASA ikiwa mmoja wa wahusika; leo imejaa harusi na ugomvi wa wachumba. MTV ilifunguliwa 1 Agosti 1981 kwa ajili ya muziki, kisha muziki ukasukumwa pembeni. History, iliyoanza 1995, ikaja kupata umaarufu kwa madereva wa malori wanaopita juu ya barafu na kwa duka la rehani.

Haya hayakutokea kwa uzembe. Kila nyumba inayolipia kifurushi humwingizia mwenye chaneli fedha kidogo kila mwezi, chaneli itazamwe isitazamwe. Jina likishaingia kwenye kifurushi, kinachobaki ni kuwinda matangazo ya biashara kwa vipindi vya bei nafuu. Familia inayogombana mbele ya kamera mbili haina gharama ya kumsafirisha mtafiti nchi tatu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha The Weather Channel, iliyoanza kutangaza hali ya hewa Mei 1982, usiku na mchana. Miaka ilivyokwenda ikaongeza vipindi vya maisha ya watu, hata vya wachimba vito katika milima ya Colorado. Januari 2014 kampuni ya satelaiti ya DirecTV, iliyokuwa na wateja takriban milioni 20, ikaiondoa kwenye orodha yake. Bei ilikuwa sehemu ya ugomvi, lakini DirecTV ilisema wazi kwamba wateja wake walilalamikia wingi wa vipindi hivyo. Ilirudishwa Aprili, baada ya kukubali kupunguza kwa nusu vipindi vya aina hiyo siku za kazi. Kumbe chaneli inaweza kurudishwa kwenye kazi yake, watazamaji wakisema na msambazaji akasikia.

Sasa nije nyumbani. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua milango kwa watu binafsi, kampuni ya Sahara ya Anthony Diallo iliwasha Radio Free Africa, baadaye Star TV, na zikarushwa kutoka Mwanza wakati karibu kila sauti kubwa ilitoka Dar es Salaam. Vichekesho vya Futuhi vilitoka kwetu, kwa lafudhi ya kwetu. Tulijivuna, na tulikuwa na haki. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa Mwanza mwanzoni mwa 2013, ving'amuzi vikaingia majumbani, na chaneli ya ziwani ikajikuta kwenye orodha moja na tamthilia za Kituruki, sinema za India na soka la Ulaya. Hapo kishawishi ni kufanana na wengine. Simlaumu anayetaka tamthilia. Mama zangu wanazipenda, na wametoka kwenye kazi ngumu. Hofu yangu ni kuhusu kitakachotolewa ili zipate nafasi.

Chukueni hali ya hewa. Taarifa ya taifa itasema Mwanza nyuzi 28, mvua katika maeneo machache. Mvuvi wa dagaa haendi kazini mjini saa sita mchana. Anatoka jioni, siku zisizo na mbalamwezi, na taa zake, nje ya Ukara au Maisome. Na ziwa letu lina tabia yake: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hutoka pande zote kwenda ziwani, hukutana katikati, hewa hupanda, na ngurumo huanza usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile mvuvi yuko mbali na mwalo. Huyu anahitaji kuambiwa upepo utatoka wapi, mawimbi yatafika urefu gani, na upande upi wa ziwa.

Ujuzi huo upo. Rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iko Kiseke, hapo hapo Mwanza, na mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulifanya kazi ya kuboresha utabiri wa ziwa hili kwa ajili ya wavuvi. Mtaniambia siku hizi kuna simu. Kweli, lakini bando huisha, mtandao hukatika visiwani, na simu moja haiwezi kusikika na wavuvi wote walioketi mwaloni wakirekebisha nyavu. Redio na televisheni ya kibandani husikika.

Kwa hiyo naomba tudai kitu kidogo: dakika 10 kila siku saa 10 jioni, kabla injini hazijawashwa, za upepo na mawimbi, kisha bei za sato, sangara na dagaa. Wenye vituo watauliza nani atalipa. Wajibuni: wauza nyavu, wauza injini za boti na maboya, viwanda vya minofu ya sangara. Mzigo wao wote unategemea mvuvi arudi. Anzeni na wao, wakubali kudhamini hata mwezi mmoja, ndipo viongozi wa mialo waende kwa wenye vituo wakiwa na ahadi hiyo mkononi. Nami nitachangisha huku kwa wenzangu wa Kanda ya Ziwa.

Ni mimi, ndugu yenu wa Minnesota.