Kilabu Kingali Hai, Mnakizikia Nini?

Siku hizi kijana akishika kalamu, kitu cha kwanza ni kukana alikotoka. Hadithi yake lazima ianzie kwenye baa yenye taa za rangi na friji, na mhusika wake lazima aagize bia kwa jina. Kilabu cha pombe ya kienyeji? Hicho, eti, ni cha wazee na washamba. Akikiandika, basi ni kwa ajili ya mtu mmoja tu: baba anayekunywa ada ya shule. Kwisha.

Mimi nasema huo ni uvivu, tena ni dharau.

Nendeni Mang'ula. Milima ya Udzungwa imesimama nyuma ya nyumba kama ukuta, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita chini yake. Reli, miwa na mpunga vimewaleta watu: Mndamba, Mpogoro na Mbunga wakakutana na Mhehe na Mbena walioteremka milimani. Wanaongea wapi? Kanisani na msikitini wanagawana. Ofisi ya kijiji wanapanga foleni. Kwenye benchi la kilabu wanabanana, kopo linazunguka, na bei ya mpunga, mpaka wa shamba na treni iliyochelewa vyote vinahukumiwa hapo hapo, kwa Kiswahili ambacho hakijapita kwa mhariri yeyote. Anayelalamika kwamba wahusika wake wanaongea kama taarifa ya habari, akatege sikio pale.

Na tuelewane kuhusu pombe yenyewe. Komoni ni uji wa mahindi na kimea cha ulezi. Ikiiva imeiva, haikai dukani miezi ikimngoja mteja. Ndiyo maana inataka watu, sio mtu. Kiroba, kile kifuko cha pombe kali kilichopigwa marufuku nchini mwaka 2017, kilikuwa kinyume chake: unakirarua kwa meno, unakimaliza peke yako nyuma ya kituo cha basi. Lakini wa kuchekwa akabaki mnywa komoni!

Mtasema natetea ulevi. Sitetei. Anayekunywa ada ya mtoto ni mwizi, anywe komoni au bia ya chupa. Na gongo acha liendelee kukatazwa. Ila mbona wa chupa mnamwita "bosi" na wa kopo mnamwita "mlevi"? Hapo hamzungumzii maadili, mnazungumzia pesa.

Mpika pombe ndiyo mmemsahau kabisa. Mara nyingi ni mama mwenye watoto wa kusomesha, na pombe haichemki kwa maneno. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992. Kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani yake, mpaka 2011 ruhusa hiyo ikafungwa. Tangu hapo kila debe la komoni lina hesabu ya moto ndani yake. Msitu lazima ulindwe, sawa. Na mama yule naye ale nini? Hiyo ni riwaya nzima, bwana, imekaa jikoni inafuka moshi, nasi tunatunga mapenzi ya kwenye magari tusiyoyapanda.

Kijana mwenzangu, kilabu usikiandike kwa huruma wala kwa kejeli. Kama hunywi, agiza togwa. Kaa benchini, nyamaza, sikiliza. Ukitoka bila hadithi, kalamu iweke chini. Tatizo si Mang'ula.