Ufunguo wa Nyumba
Tarehe 21 Novemba, 2017, huko Kibiti, Mkoa wa Pwani, mama mmoja alifuatwa shambani na gari jeupe. Ndani yake alikuwamo mumewe, Ndugu Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeandika juu ya mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji sehemu hizo. Hakushuka. Aliuliza tu ulipowekwa ufunguo wa nyumba, akaaga kwamba ana safari ya dharura, atarudi kesho. Mama aliporejea nyumbani alikuta kumepekuliwa.

Kesho hiyo haijafika. Julai, 2019, Waziri wa Mambo ya Nje alisema Azory ametoweka na kufa. Baadaye akafafanua kwamba hakueleweka. Basi matanga yawekwe, au yasiwekwe? Majirani wampe mama huyu pole gani?