Twendeni Sibiloi, Jangwa Si Ukiwa

Kila mwaka vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hupanga ziara, na aghalabu basi huelekea Pwani. Sina ugomvi na Pwani. Mwanafunzi anayehitimu pasipo kuusikia Kiamu au Kimvita vinywani mwa wenyewe amekosa jambo kubwa. Hata hivyo, upo upande mwingine wa nchi hii ambao wengi wetu tunaujua kwa tamathali za usemi tu, nao ni kaskazini. Ninapendekeza kwamba mojawapo ya ziara zetu ielekee Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, tukapige kambi na kutembea kwa miguu kando ya Ziwa Turkana. Sababu yangu ni moja: jangwa tunaliandika vibaya, na uandishi huo una gharama.

Hebu msomaji atazame linavyotumika neno lenyewe katika tungo zetu chipukizi. Aliyeachwa na mpenzi, moyo wake ni jangwa. Nchi isiyo na haki ni jangwa. Darasa lisilo na vitabu, jangwa. Daima ni utupu, ukiwa na mauti, na mtunzi mwenyewe pengine hajapata kuvuka Isiolo. Wapo watakaosema kwamba sanaa ina uhuru wake. Naam, unao. Lakini Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 uliposhauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule ambako zingezalisha zaidi, yaani kwenye ardhi yenye rutuba na mvua ya kutosha, ulikuwa unafikiri kwa tamathali hiyo hiyo. Mahali palipokwisha kuitwa patupu hapadai barabara wala shule. Mshairi na mpangaji wa uchumi wamekunywa kisima kimoja.

Sibiloi ni patupu kweli? Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1973, nayo ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 1,570 katika Kaunti ya Marsabit, kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa. Humo wamo choroa, punda milia wa Grevy, swalatwiga, na mamba wengi majini. Ipo misitu iliyogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita, ushahidi kwamba nchi hii haikuwa kame tangu azali. Huko Koobi Fora, mwaka 1972, Mkenya Bernard Ngeneo aliokota vipande vya fuvu ambalo wataalamu huliita KNM-ER 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.9. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza nyayo zilizopatikana Ileret, kaskazini mwa hifadhi: nyayo za watu wa kale waliotembea kwenye tope yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, kwa miguu yenye umbo kama la miguu yetu. Tunapozungumzia matembezi ya miguu katika eneo hilo, basi, tunafuata desturi iliyotutangulia kidogo.

Jangwa lina adabu zake. Anayetembea huondoka kabla ya jua kuchomoza, akafika kivulini kabla ya saa nne, kisha akatulia hadi alasiri. Maji huhesabiwa kwa lita, si kwa chupa: lita nne au tano kwa mtu mmoja kwa siku ni za kunywa tu, na ziwa halisaidii sana kwa kuwa maji yake yana magadi. Viatu hukung'utwa asubuhi kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya nge. Upepo ndio mwalimu mkali zaidi. Usiku huvuma ukiteremka kuelekea ziwani hadi vigingi vya hema ving'oke. Si ajabu kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo imesimikwa kusini zaidi, karibu na Loiyangalani. Na lolote linalookotwa chini, liwe mfupa au jiwe lililochongwa, hurudishwa papo hapo lilipokuwa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo.

Adabu iliyo muhimu kuliko zote inatuleta kwenye lugha. Usipige kambi lagani. Laga ni mkondo wa mto wa msimu: mchanga mweupe, laini, mtambarare, wenye kivuli cha migunga, mahali panapomvutia mgeni kuliko pengine popote. Mvua ikinyesha milimani, mbali na macho yako, maji huja usiku kwa kishindo. Neno hilo linatokana na lugha ya Kioromo, na wenyeji wa kaskazini hulitumia hata wanapozungumza Kiswahili. Katika insha zetu huandikwa 'mto uliokauka', maelezo yasiyomwonya mtu yeyote. Kwa upande mwingine, wanafunzi wengi hulijua neno 'mazigazi' kwa kulikariri kwa ajili ya mtihani. Ukisimama Chalbi adhuhuri, ukaona ziwa pasipo ziwa, hutalisahau tena.

Hata neno 'kambi' lenyewe halina hatia? Mkenya akilisikia hukumbuka Kakuma, Dadaab, na zamani Hola na Manyani. Kulipa fedha ili kulala hemani katika nchi yenye kumbukumbu hizo ni jambo la kutafakari. Sibiloi linatafakarisha zaidi, maana Wadaasanach na Wagabra, ambao mifugo yao ilikunywa maji ya ziwa hilo kabla ya hifadhi kuwapo, hawaruhusiwi kulisha ndani ya mipaka yake. Kiangazi kikizidi huingia, na mvutano huzuka. Mtalii hulipa kiingilio kuutazama 'utupu' ambao mwenyeji ameombwa kuutoka. Siungi mkono kufutwa kwa hifadhi. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka pamoja na mbuga za visiwa vya ziwa hilo katika orodha ya turathi zilizo hatarini, bwawa la Gibe III nchini Ethiopia likiwa miongoni mwa sababu. Ila sikubali mwanafunzi wa lugha apite hapo kana kwamba hakuna aliyewahi kupapa jina.

Pingamizi nazijua. Ni mbali: lami huishia Marsabit kwa anayeelekea huko, na kuanzia hapo ni gari imara na siku mbili za vumbi kupitia North Horr. Ni ghali. Usalama nao hubadilika, hivyo ni lazima kuwauliza kwanza askari wa wanyamapori na wazee wa eneo, na kuahirisha wakisema tuahirishe. Kwa hiyo tuanze na watu kumi na wawili, si basi zima, na mwongozaji mwenyeji alipwe kama mwalimu anavyolipwa. Kila mmoja arudi na maneno kumi ya upepo, mchanga, maji au ngamia, yameandikwa kama yalivyotamkwa, na jina la lugha yalikotoka. Jarida hili liyachapishe katika toleo litakalofuata, kabla ya mashairi.