Twika na Tua: Maneno ya Kiini cha Linux

Tumebishana miaka mingi juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ubishi huo una ladha yake, ila umetufanya tugombee jina la nyumba huku vyombo vya ndani vikibaki bila majina.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini menyu ni baraza tu. Mashine ikigoma, fundi huingia vyumba vya ndani, na huko Kiswahili chetu hakijafika.

Hapa Bukene nilimshuhudia kijana mwenye steshenari akihangaika na printa, na walimu wakingoja karatasi za mtihani wa majaribio. Kompyuta yake kuukuu hutumia Linux. Printa iliwaka, waya wa USB ulikuwa umechomekwa, lakini kazi zote zilikwama kwenye foleni. Kiini cha Linux, yaani sehemu inayosimamia vifaa vyote vya mashine, kilikuwa kimeishika printa kwa moduli iitwayo usblp. Nayo CUPS, programu inayopokea kazi za uchapaji, ilitaka kuishika printa ile ile kwa njia yake. Kijana akatazama orodha ya moduli kwa amri ya lsmod, akaiondoa usblp kwa modprobe -r, karatasi zikaanza kutoka.

Kisha akamweleza msaidizi wake: “Moduli ilikuwa imepakiwa.” Msaidizi akauliza, “Imepakiwa mtandao gani?” Swali lilikuwa la haki kabisa. Kupakia tumekwisha kukupa kazi ya kupeleka faili mtandaoni, na kupakua kazi ya kulileta. Neno moja likibeba maana mbili katika fani moja, fundi atapotea njia, hasa anayejifunza kwa kusikiliza.

Pendekezo langu ni kutwika na kutua. Maneno haya ni ya kale, na katika nchi hii ya Wanyamwezi, waliochukua mizigo ya misafara baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, hayahitaji kufafanuliwa. Kiini hutwikwa moduli panapotokea kazi. Kazi ikiisha huitua, nacho huendelea na safari bila mashine kuzimwa. Picha na maana vinalingana. Majina kama usblp na modprobe yabaki yalivyo, kama tuachavyo majina ya watu. Moduli nalo limekwisha kuzoeleka, silioni kuwa na kosa. Na pale mashine inapokataa kuitua moduli, iseme tu: “Moduli usblp ingali inatumika.” (Malenga wenzangu, tafadhali, msiandike “ingali begani.”)

Limebaki jina la programu inayoiwezesha CUPS kusema na printa ya aina fulani. Wengine huiita dereva, wengine kiendeshi. Mimi naiita mkalimani, kwa kuwa haiendeshi kitu chochote: hupokea ukurasa na kuufasiri katika lugha ambayo printa hiyo inaielewa. Mwenye hoja ya kulipinga jina hili ailete, na alete na neno lake.